Ndoo ya Chelel

Ng'ombe wa kuazima hashushi maziwa. Mmewasikia akina mama wakiambiana hivyo kisimani, mkauliza ni ng'ombe gani huyo. Basi ketini, wanangu, niwaambie methali hiyo ilikotoka.

Mwaka mmoja kiangazi kilibana hata nyasi zikawa kama ufagio. Serikali ya kaunti ikatangaza ruzuku: boma lenye ng'ombe wa maziwa litapewa chakula cha mifugo mpaka mvua irudi. Afisa angepita boma kwa boma. Mara ikavuma kwamba mwenye ng'ombe chini ya watatu hataandikwa.

Rael Tabutany, mjane aliyekaa karibu na kanisa, alikuwa na mmoja tu, Chelel, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Akikosa ruzuku, Chelel angekwenda kwa mchinjaji kabla mwezi haujaisha. Kila alipompangusa kiwele alilikumbuka hilo.

Jirani yake, Arap Lelei, alikuwa na wawili wake, na tayari alikwisha kuazima wanne kwa shemeji zake ng'ambo ya mto. Akamjia Rael.

"Mama Kiptum, nikuachie wawili. Watalala kwako siku moja tu."

"Na afisa akiuliza ni wa nani?"

"Atamuuliza nani? Ng'ombe hana kitambulisho."

Rael akacheka, maana Lelei alijua kuchekesha. Kisha akasema, "Mungu akichungulia zizini kwangu humwona mmoja, Arap Lelei. Siwezi kumwonyesha afisa watatu."

"Haya. Chelel akiuzwa, utakamua huo uaminifu wako."

Neno hilo lilimchoma. Alipiga magoti, akaomba, akaenda kumkatia Chelel majani ya migomba.

Asubuhi afisa akafika, mwanamke mfupi mwenye gambuti, ndoo ya kupimia mkononi. Kwa Lelei hakuhesabu pembe. Aliomba kigoda, akaketi. "Kamueni nione. Chakula kitatolewa kwa kadiri ya maziwa."

Sasa, kwetu ng'ombe hukamuliwa kwa jina lake na kwa wimbo aliouzoea. Lelei hakuyajua majina ya wale wageni, wala mkewe hakuzijua nyimbo zao. Akawaita "wee, wee." Wao wakageukia mtoni, wakalia. Mmoja akaipiga ndoo teke. Hata wale wawili wake, kwa kuchukizwa na pembe ngeni zizini, wakazuia. Kikapatikana kikombe.

"Ng'ombe sita, kikombe kimoja?" afisa akauliza.

"Leo wamenuna," Lelei akasema.

Majirani walioandamana na afisa wakaziba midomo wasicheke.

Kwa Rael, afisa akatafuta wengine kwa macho.

"Ni huyu tu," Rael akasema, kichwa juu.

Akanawa mikono, akaanza wimbo ambao marehemu mumewe alimwimbia Chelel akimkamua, polepole. Chelel akacheua, akatulia, akashusha. Povu likapanda hadi ukingo wa ndoo. Afisa akaandika, na jioni gari la kaunti likateremsha marobota ya nyasi mlangoni kwa mjane, watu wote wakiona. Rael hakutamba. Alisimama wima tu, kama siku ya harusi yake.

Kesho yake Lelei akaja, kofia mkononi. Rael hakungoja aombe. Alimsogezea robota moja.

Lelei akajitwika begani. Alipofika langoni akageuka, akasema kwa sauti ya kusikiwa barabarani: "Mama Kiptum, ng'ombe wa kuazima hashushi maziwa."