Mkate wa Nane wa Jumamosi

Mwanamke mmoja alikuwa na oveni moja ya mkaa, na siku ya Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, aliamua kwamba wateja hawatamchezea tena.

Jina lake lilikuwa Elipenda. Alikuwa amesoma chuo kikuu, kazi aliyoisomea hakuipata, akarudi kwao katika mji mdogo wa milimani Usambara akaanza kuoka nyumbani. Huko baridi ni kali, na unga uliokandwa ukiachwa wazi hauumuki. Alikuwa akiufunika kwa blanketi lake mwenyewe na kuusubiri saa mbili na nusu. Oveni yake ilikuwa sanduku la bati lenye moto chini na moto juu, na iliingia mikate minane. Akiweka saba, moto uliteketea bure. Akijaribu kubananisha tisa, wa katikati ulitoka mbichi. Aliwahi kujaribu mara tatu, na mara zote tatu aliukata ule wa katikati akaona unga.

Asubuhi hiyo ya Jumatano alikuwa ameinamia keki ya ubatizo, akichora msalaba wa buluu juu ya krimu nyeupe. Msalaba ulikuwa umebaki kipande cha chini tu simu ilipolia. Alikuwa ni Mama Winfrida, mwenye keki, aliyeiagiza kwa ajili ya mjukuu wake.

"Elipenda mwanangu, usije ukanichukia. Mchungaji kasafiri, ubatizo umesogezwa mpaka mwezi ujao. Hiyo keki wewe iweke tu."

"Niiweke wapi, mama? Keki si kuni."

Mama Winfrida alicheka, akacheka tena, mpaka Elipenda naye akacheka. Simu ilipokatika alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akalia.

Msimfikirie Mama Winfrida vibaya. Mama yake Elipenda alipolazwa siku kumi na moja, ni Mama Winfrida aliyepanda kilima kila asubuhi na chupa ya uji kwapani, na siku aliyoshindwa kupanda alimtuma binti yake. Alikuwa anaagiza mikate kama alivyokuwa anapenda watu, kwa wingi na kwa haraka, kabla hajafikiri. Katika maagizo yake saba ya mwisho, mawili aliyachukua siku yake, mawili aliyachukua siku nyingine, na matatu hakuyachukua kabisa. Na kumwambia mtu wa namna hiyo alipe kwanza, Elipenda hakuweza. Mdomo ulikataa kufunguka. Tena hakuwa peke yake. Kulikuwa na wa nitapita jioni, wa niongezee mmoja, na wa nilikuwa njiani nikakutana na shemeji. Wote walikuwa watu wazuri. Wote walimwita mwanangu au dada, na mikate yao ilikauka mezani.

Keki ile ililiwa na majirani kwa siku mbili. Msalaba uliliwa mwisho, kwa sababu kila mtu aliogopa kuuanza.

Jumatano hiyo hiyo Elipenda alinunua daftari, akapiga mistari kwa rula, akabandika karatasi mlangoni. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mikate ya Jumamosi inaagizwa kabla ya Alhamisi saa sita mchana, kila mtu aje aandike jina lake kwa mkono wake, na asiyeandikwa hapati. Aliisoma mara nne akitafuta mwanya, hakuuona. Alijisikia mtu mzima.

Watu waliipenda sheria ile. Ilikuwa kitu kipya. Walikuja mmoja mmoja, wakajifuta mikono, wakaandika majina yao kana kwamba wanafunga ndoa. Mama Winfrida alikuja wa kwanza.

"Sasa umekuwa ofisi kabisa! Niandike ngapi?"

"Utakayokuja kuichukua, mama."

"Ee, maneno hayo! Basi tatu. Wageni wanakuja." Akaandika tatu, akapiga mstari chini yake, akambusu Elipenda kwenye paji la uso, akaondoka akiimba.

Alhamisi saa sita mchana mikate yote minane ilikuwa na wenyewe. Elipenda alilitazama daftari lake. Kitu fulani kilimgusa kama mtu aliyetoka nyumbani na kuhisi amesahau jambo. Akahesabu upya. Ilikuwa minane. Akalifunga.

Sasa, kulikuwa na mteja mmoja ambaye hakuwahi kuagiza. Aliitwa Bwana Kihiyo, fundi wa miamvuli, na katika mji ule wa mvua alikuwa na kazi ya kutosha. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto, chini ya mteremko. Mkewe alikuwa amepatwa na kiharusi kilichouachia mdomo upande mmoja tu. Wali ulimpalia, ugali ulimpalia, na uji alishauchoka mpaka akiuona anageuza uso ukutani. Alichoweza kumeza kwa raha ni mkate wa Elipenda, uliochovywa kwenye chai ya maziwa na kuachwa kidogo ulegee. Mkate mmoja ulimfikisha Jumatano. Siku mbili zilizobaki aliumeza uji kwa ajili ya kumfurahisha mumewe, akihesabu siku kwa vidole vya mkono uliokuwa mzima.

Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, Bwana Kihiyo alikuja akauchukua mkate wa nane. Hakupiga simu wala hakutuma mtu. Mwaka ule udongo ulipoporomoka ukafunga barabara, alizunguka kupitia mashambani, akafika na matope mpaka magotini, akaomba radhi kwa kuchelewa. Elipenda alikuwa hamfikirii kabisa, kama vile mtu asivyofikiria ukuta anaouegemea. Siku zote alipohesabu mikate ya wengine alihesabu saba, na wa nane ulikwenda wenyewe kwa mwenyewe.

Jumamosi Bwana Kihiyo alifika, mfuko wake wa kitambaa umekunjwa vizuri mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenionea. Harufu imenipokea pale darajani, nimepanda kilima kama kijana."

Elipenda alimtazama, akatazama mikate. Minane ilikuwa pale mezani chini ya kitambaa, kila mmoja na karatasi yenye jina. Alifikiri haraka sana. Alifikiri kwamba kama angeivunja sheria yake siku ya kwanza, isingekuwa sheria tena. Akamwonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Bwana Kihiyo alivaa miwani akaisoma yote, mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Kwa hiyo jina langu halimo."

"Halimo, baba. Wote wamejiandikisha. Nikikupa wewe, wengine watasema nini?"

Bwana Kihiyo aliikunja miwani. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anajaribu kuelewa, kama anavyofanya fundi mbele ya mwamvuli wa aina asiyoijua.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilidhani kuja ndiko kuagiza."

Kisha akaomba kalamu. Akaandika jina lake kwa ajili ya Jumamosi inayofuata, herufi baada ya herufi, akilishikilia daftari kwa mkono wa pili lisisogee. Akashukuru. Akaukunja tena mfuko wake mtupu, akateremka kilima.

Elipenda alibaki mlangoni. Alitaka kumwita, na kila alipofungua mdomo aliiona ile karatasi. Ndipo Bwana Kihiyo akapotelea kwenye kona.

Mpaka saa nane mchana mikate mitano ilikuwa imechukuliwa. Mitatu ilibaki, na yote mitatu iliandikwa jina moja. Saa tisa mvua ilianza, ile ya milimani isiyo na haraka, na mto ukajaa hata njia ya kwenda ng'ambo haikupitika tena. Saa kumi na moja simu ikalia.

"Mwanangu! Mikate! Jamani, nimeisahau kabisa, niko Bumbuli kwa dada yangu tangu jana. Wageni wenyewe hawakuja. Usiitupe lakini. Gawa! Wape wenye shida nayo!"

Safari hii Elipenda hakucheka, na hakukasirika pia. "Sawa, mama," akasema. "Msalimie dada." Akaigawa miwili kwa majirani. Wa tatu ulibaki mezani, na jina juu yake.

Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Sheria aliitunga kwa kumwogopa Mama Winfrida, na Mama Winfrida ilimpita kama upepo. Aliyeangukiwa nayo ni mtu mmoja tu, yule ambaye haikutungwa kwa ajili yake. Kwa sababu wengi walikuwa hawaji, alimnyima aliyekuja. Na mwanamke mmoja ng'ambo ya mto, ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote, angeanza wiki kwa kugeuza uso ukutani.

Nimewasimulia habari hii kwa sababu oveni ya kila mmoja wetu ina nafasi nane, na siku ya mtu haibananishiki zaidi ya hapo. Tunawatengea nafasi tatu tatu wale wanaotutia wasiwasi, tunawapigia simu, tunawasubiri dirishani. Ni haki yetu kuwapenda. Lakini ni nani kwako aliyekosa kwa sababu tu hajawahi kukuangusha, ukamsahau kama ukuta?

Elipenda hakuibandua ile karatasi. Watu wa nitapita jioni wanaihitaji, nao wenyewe wanajua. Aliongeza kwa kalamu kwamba anayeacha mkate wake mara mbili ataandikiwa mmoja tu, na utaokwa baada ya mikate ya wengine wote. Mama Winfrida alipoisoma wiki iliyofuata alicheka mpaka akashika ukuta, akasema huyo anayesemwa hapo lazima ni jirani yake.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili asubuhi, mvua imekatika na mto umepungua, kukiwa bado na ukungu, Elipenda aliamka na kuingia jikoni. Mkate wa jana ulikuwa pale, na bado ulikuwa mzuri. Angeweza kuuvingirisha kwenye kitambaa akaondoka nao, na Bwana Kihiyo angeshukuru kwa moyo wote, maana ndivyo alivyokuwa. Aliutazama kwa muda. Kisha akalibandua jina, akaukata, akaula yeye mwenyewe na chai ya rangi.

Akapima unga mpya. Akaukanda, akaufunika kwa blanketi, akasubiri saa mbili na nusu bila kuufunua hata mara moja. Akawasha moto wa chini na moto wa juu, mkaa wa mikate minane, kwa ajili ya mkate mmoja. Ulipoiva aliuvingirisha kwenye taulo, akaukumbatia ndani ya koti, akateremka kwenda mtoni, akipishana na watu waliokuwa wakipanda kwenda kanisani.