Jicho Likishaona

Maumivu ya mwenzako huyasikia kama habari za mji wa mbali: unatikisa kichwa, unasema "pole," unaendelea kula. Yakihamia kwako ndipo unapogundua kuwa yana meno. Tak Yun-ju alikuja kulijua hilo akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, tena hadharani, mbele ya watu waliokuwa wakimpigia makofi.

Mwaka ule jiji la Seoul halikuwa na mazungumzo mengine. Kampuni ya Haemaru, fahari ya nchi nzima, ilikuwa imeshtakiwa huko Marekani na kampuni ya Corvane. Shtaka lilikuwa kwamba Haemaru imeiga simu ya Corvane: pembe zake za mviringo, mpangilio wa alama zake, hata namna kioo kinavyoitikia kidole. Haemaru nayo haikukubali kupigwa kofi ikageuza shavu la pili. Ilishtaki kwamba Corvane inatumia hataza zake za mawasiliano, yaani haki za uvumbuzi ilizosajili, bila ruhusa. Kesi ikazaa kesi, na kila kesi ikazaa ubishi. Madereva wa teksi walibishana. Vinyozi walibishana mkasi ukiwa hewani. Hata wanawake waliojipumzisha kwenye nyumba za mvuke, taulo vichwani, walirushiana maneno kuhusu ubunifu kana kwamba wote walikuwa mawakili.

Yun-ju alikuwa kiongozi wa timu ya wabunifu wa skrini pale Haemaru. Kituo kimoja cha televisheni kilipoandaa mdahalo, kampuni ilimtuma yeye kwa sababu ulimi wake haukuwa na mfupa. Upande wa pili aliketi Profesa Pyo Sang-uk, mzee mwembamba ambaye miaka ya nyuma alimfundisha Yun-ju kuchora alipokuwa chuo kikuu.

"Jasho la mshindani nalo ni jasho," Profesa Pyo alisema polepole. "Mimi ni Mkorea kama ninyi. Lakini nimeziweka simu hizi mbili mezani, na siwezi kusema sikuona nilichokiona."

Watu ukumbini waliguna. Yun-ju alimwinamia kidogo kwa heshima, kisha akatabasamu.

"Mwalimu, samahani sana. Sahani za mama yangu nazo zina pembe za mviringo. Naye ashtakiwe?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Yun-ju alipoona watu wako mkononi mwake, akapigilia msumari: "Jicho likishaona, mkono haukatazwi kutengeneza!"

Makofi yalidumu mpaka mwongozaji akanyanyua mikono kuomba utulivu.

Sentensi ile ilipata miguu. Kufikia Jumatatu ilikuwa imechapwa kwenye vikombe vya bwalo la Haemaru. Wanafunzi waliiandika kwenye mabango. Profesa Pyo yeye alivuna matusi. Mtu mmoja alibandika karatasi kwenye mlango wa ofisi yake chuoni: "Hamia Marekani, msaliti." Yun-ju aliiona picha ya mlango ule kwenye simu yake akiwa kwenye treni. Kitu kikamchoma moyoni. Akaanza kumwandikia mwalimu wake ujumbe, akaufuta, akaanza tena, akaufuta tena. Akashuka kituo ambacho hakikuwa chake, akapanda treni nyingine.

Kwani yeye ukweli aliujua. Kwa miezi mingi simu ya Corvane ilikaa mezani kwake, pembeni ya kalamu zake. Timu yake iliandaa jalada nene lililolinganisha simu zile mbili, jambo kwa jambo, na chini ya kurasa nyingi paliandikwa: "Turekebishe ifanane." Baadhi ya kurasa hizo aliziandika mwenyewe. Hakuona vibaya. Aliona ni kazi.

Jumapili moja alikwenda kumsalimia mama yake, aliyekuwa na kibanda cha tambi sokoni, katika uchochoro wenye sifa ya vyakula. Kibao cha mama yake kilisema "Ya Asili." Cha jirani wa kushoto kilisema "Ya Asili Hasa," na cha jirani wa kulia, Mama Se-jun, kilisema "Hapa Ndipo Asili Ilipoanzia." Waliishi hivyo miaka nenda miaka rudi, wakisengenyana na kuazimana chumvi.

Siku hiyo mama mtu alikuwa amefura.

"Nenda katazame mandu za huyo!" alisema, akionyesha kwa kidevu. Mandu za mama yake Yun-ju, za unga mwembamba uliofungiwa nyama na kupikwa kwa mvuke, zilijulikana kwa mikunjo saba ubavuni. "Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyekunja hivi sokoni humu. Leo asubuhi nafungua, naye anazo! Mikunjo saba! Nikamwuliza, 'We Mama Se-jun, haya yako umeiacha wapi?' Unajua kanijibu nini?"

"Nini?"

"'Mama Yun-ju, si mwanao kasema kwenye televisheni? Jicho likishaona, basi!' Mbele ya wateja wangu!"

Yun-ju alicheka mpaka akapaliwa na supu. "Mama nawe! Ni mandu tu. Zako tamu zaidi, watu watajua wenyewe."

"Mandu tu?"

"Mandu tu, Mama."

Mama yake alimpa mgongo. Alirudi kukata tambi, kisu kikigonga ubao kwa kasi isiyo ya kawaida, na kwa mara ya kwanza hakumfungashia binti yake chakula cha kwenda nacho.

Majani ya miti yalipoanza kugeuka manjano, kampuni changa ya Shenzhen iitwayo Baiyu ilizindua simu yake. Yun-ju na timu yake waliutazama uzinduzi huo ofisini, wakitafuna karanga na kufanya mzaha. Mtangazaji wa Baiyu akaweka kidole kwenye pembe ya kioo. Pembe ikainuka taratibu kama karatasi ya mwani mkavu, ikakunjika, na chini yake kivuli kikafuata.

Mzaha ukakoma. Hakuna aliyethubutu kumtazama kiongozi wao.

Lile lilikuwa pindo la Yun-ju, alilolibuni kwa ajili ya simu za Haemaru. Alikuwa amelihangaikia kwa miezi kumi na minne. Alinunua mwani pakiti kwa pakiti, akainua karatasi moja moja dirishani ili ajue mwanga unapitaje. Kivuli peke yake alikirudia mara sitini na moja. Kwa ajili ya pindo lile alikosa hata siku ya kumkumbuka marehemu baba yake. Mama yake alipanga meza ya kumbukumbu peke yake, akasujudu peke yake, akatoa wali na samaki mezani peke yake. Na kwa kuwa Yun-ju alitumia mkono wa kushoto, kivuli cha pindo kilichelewa kidogo sana upande wa kulia. Ni kosa ambalo hakuna aliyeligundua ila yeye, naye hakuwahi kulirekebisha.

Kivuli cha Baiyu nacho kilichelewa upande wa kulia.

"Hata kosa langu!" alipiga kelele. "Wameiba hata kosa langu! Wezi wakubwa hawa!"

Alitoka mbio, akashuka ngazi za ghorofa kumi na moja kwa miguu, akafika chini asijue amefuata nini, akapanda tena. Tangu siku hiyo alikosa raha. Akikaa alitaka kusimama, akisimama alitaka kwenda, akienda alitaka kurudi. Chakula kilikuwa makapi kinywani. Aliifungua simu ya Baiyu, akainua pembe, akaizima, akaifungua tena, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi.

Haemaru ikaishtaki Baiyu mjini Seoul. Yun-ju alishukuru karibu kulia. Lakini majibu ya Baiyu yalipofika, Mkurugenzi Gwak, bosi wake, alimwita ofisini. Wakili wa kampuni, Bwana Ban, alikuwa ameketi hapo na karatasi magotini.

"Soma ukurasa wa kwanza," alisema Mkurugenzi Gwak.

Yun-ju akasoma. Juu kabisa, kabla ya hoja yoyote ya sheria, paliandikwa: "Kama alivyosema mbunifu wa pindo lenyewe: jicho likishaona, mkono haukatazwi kutengeneza."

"Ni jambo dogo," alisema Wakili Ban na kumsogezea karatasi. "Hii ni hati ya kiapo. Inasema siku ile ulikuwa unatania. Watu walicheka, si walicheka? Basi, ulikuwa mzaha."

"Nikikataa?"

"Jaji atasema uliwapa ruhusa kwa kinywa chako, na pindo lako litakwenda," alijibu Mkurugenzi Gwak. "Tena usisahau, Corvane wanatusikiliza kule Marekani. Sahihi moja tu, Kiongozi Tak. Sahihi moja, upate haki yako."

Aliitia hati kwenye mkoba bila kuisaini. Siku tatu alitembea nayo. Siku ya nne miguu ikampeleka chuoni, kwenye mlango ambao bado ulikuwa na alama za gundi. Profesa Pyo alimmiminia chai ya shayiri, wala hakuonyesha mshangao.

"Umekuja unisikie nikisema 'nilikwambia'?"

"Nimekuja kuomba radhi, Mwalimu."

"Kwa kuwa umeelewa, au kwa kuwa umeumia?"

Yun-ju alikizungusha kikombe cha chai mezani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ukipata jibu," mzee alisema, "usiniletee mimi. Mimi sikuibiwa kitu."

Asubuhi ya kesi, mahakama ilifurika waandishi wa habari. Wakili Ban alimwongoza vizuri. Yun-ju alieleza habari za mwani, za kivuli, za meza ya marehemu aliyoikosa. Alipofika kwenye kosa la mkono wa kushoto, hata jaji aliacha kuandika akamsikiliza. Ilionekana wazi kwamba haki iko mlangoni, imebaki kuingia.

Ndipo akasimama wakili wa Baiyu, mwanamama mpole mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Akacheza video ya mdahalo. Kicheko cha ukumbi kikasikika upya, kisha sauti ya Yun-ju, kisha makofi.

"Huyo ni wewe, Bi. Tak?"

"Ni mimi."

"Wakili wenu anasema ulikuwa unatania. Ni kweli?"

Hati ilikuwa bado mkobani, haina sahihi. Yun-ju alimwona Mkurugenzi Gwak akimkazia macho. Alimwona Wakili Ban akitikisa kichwa kidogo, ndiyo, ndiyo, sema ndiyo. Neno moja tu, na pindo lingekuwa lake. Pindo alilitaka kuliko kitu chochote duniani.

"Hapana. Sikuwa natania."

Watu wakanong'ona. Wakili wa Baiyu akasogea hatua moja.

"Kwa hiyo uliamini ulichokisema?"

"Niliamini."

"Na leo?"

"Leo siamini."

"Ajabu! Sheria haijabadilika tangu siku ile. Kumebadilika nini?"

Yun-ju alikamata ukingo wa meza.

"Siku ile kilichochukuliwa kilikuwa cha mtu mwingine," alisema. "Simu ya Corvane ilikuwa mezani kwangu. Niliandika kwa mkono wangu huu: turekebishe ifanane. Yuko mtu kule aliyekesha kwa ajili ya kitu kile kama nilivyokesha mimi. Sikumfikiria hata siku moja. Sikusikia chochote. Nilicheka, na nyie mkanipigia makofi."

Waandishi walitoka mbio, wakigongana mlangoni. Wakili Ban alifumba macho. Wakili wa Baiyu alitaka kuuliza jambo, akaona hana haja ya kuuliza tena, akaketi.

Huko nje barazani Mkurugenzi Gwak alimfuata, uso umemwiva.

"Unajua leo umetugharimu nini wewe? Kwa kisa cha maneno! Kesi mbili kwa mpigo!"

"Najua, Mkurugenzi."

"Na pindo lako? Hukulionea uchungu?"

"Nalionea uchungu mpaka sasa. Uchungu huu ndio uleule walioulilia wenzetu wa Corvane, mimi nikawacheka."

Aliinama kumuaga, akatelemka ngazi. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hakuyafuta.

Jaji alisema hukumu itasomwa majira ya kuchipua, na mji mzima ukaanza tena kubishana itakuwaje. Wahenga hawakuwa na haja ya kungoja, maana hukumu yao waliitoa zamani: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.