Alizeti ya Kichanjani

Hapo zamani, na anayetaka kupiga soga akapigie nje, mvua zilikatika miaka miwili mfululizo, na watu wa Chinyika wakabaki kula mboga chukuchuku, bila tone la mafuta. Wakamwambia Nyemo, mkulima hodari, "Tutafutie alizeti inayostahimili ukame."

Nyemo akapanda mistari miwili. Nyeupe, mbegu ya nyumbani, aliipanda karibu na kichanja cha vyombo. Nyeusi, aliyopewa na watu wa mbali, aliipanda nyuma ya zizi. Akaonya, "Mtu asimwagie hata tone!"

Jua likawaka. Nyeusi zikadumaa, zikazaa vichwa vidogo kama visosi. Nyeupe zikatoa vichwa kama masinia. Nyemo akasonya, akawatupia kuku mbegu zile nyeusi zote. Kijiji kizima kikapanda nyeupe.

Mvua ikakatika tena. Nyeupe zikakauka, shamba kwa shamba.

"Haiwezekani!" Nyemo akafoka. "Mbegu ileile, jua lilelile!"

Mama mkwe wake, Mbeleje, akakohoa. "Mwanangu, zile za kichanjani, mimi nilikuwa nazimwagia maji ya vyombo. Kila siku. Zimeinamisha vichwa, masikini, mlangoni pangu! Tangu lini kwetu mwenye kiu akanyimwa maji?"

Nyemo akashika kichwa. Mkwe hafokewi. Akamgeukia shemeji yake, Chibago, aliyewekwa kuilinda mistari hiyo.

"Na wewe shemeji, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilimwona. Sasa nimchongee mama yangu mzazi? Nyani haoni kundule, shemeji! Nani alipanda pale kichanjani? Nani aliwalisha kuku mbegu ya kweli, iliyozaa bila tone la maji?"

Lo, Nyemo alichoka! Kila alipokamata kosa la mwenzake, lake lilimrudia.

Wanakijiji wakaamua: mwenye kosa aende kwa miguu, siku nne juani, kwa wale watu wa mbali. Apige magoti, aiombe mbegu nyeusi upya, na aseme wazi kwamba ya kwanza tuliwapa kuku.

"Mimi nilihurumia," akasema Mbeleje.

"Mimi nilimheshimu mama," akasema Chibago.

"Na mimi niliamini macho yangu," akasema Nyemo, machozi yakimlengalenga.

Kibuyu cha maji ya safari kimejazwa, kimewekwa mlangoni. Hakuna anayekigusa, na msimu unakaribia. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu: je, nani akibebe?