Chuma na Mkono Uliobaki

Mhunzi aliyevunjikiwa koleo ana njia mbili: azime moto akalale, au atafute namna nyingine ya kushika chuma. Wahenga walijua ipi kati ya hizo itamlisha jioni. Fundi Saa, mwanamke mwenye kibanda cha kutengeneza saa, alilijua hilo pia, ingawa yeye alijifunzia kwenye mchezo wa kete.

Kila Jumamosi mchana watu watatu walikutana nyuma ya kibanda chake. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake kwenye karatasi, na kete ya pande ishirini iliamua yatakayompata. Mwalimu, jirani yao, ndiye aliyesimulia safari na kusimamia sheria. Wifi yake Fundi Saa alicheza mwizi mwenye vidole vyepesi. Fundi Saa mwenyewe alimcheza Chuma, mpiganaji wa daraja la saba. Karatasi ya Chuma iliandikwa na marehemu kaka yake, mume wa wifi huyo, naye Fundi Saa aliirithi pamoja na vita vyake vyote.

Siku moja kete ilimgeuka. Joka liliung'oa mkono wa kulia wa Chuma, mkono wa upanga. Sheria ya meza yao ilikuwa kwamba mhusika asiyeiweza tena kazi yake, karatasi yake huchanwa.

"Pole, Fundi," Mwalimu alisema, akinyoosha mkono kuichukua.

"Mwache apumzike, wifi yangu," wifi alisema kwa upole. "Amepigana vya kutosha."

Fundi Saa aliifunika karatasi kwa kiganja. Mwandiko ule ndio aliobakiwa nao wa kaka yake, na moyo ulimuuma kama kidonda kibichi. "Hachanwi mtu hapa. Nipe hicho kitabu cha sheria."

Alikipekua kama anayetafuta skrubu iliyodondoka sakafuni, hadi akapata alichotaka. Mpiganaji aliruhusiwa kubadili fani akawa mganga, ila angeanzia daraja la kwanza. Tena, kabla uganga wake haujaupita upiganaji, akigusa ujuzi wa zamani hata mara moja, uganga wote ungefutwa. Ukishaupita, angetumia fani zote mbili, na kila moja ingemwongezea alama mbili kwenye kete.

"Madaraja manane!" Mwalimu alicheka. "Utazeekea hapa."

"Basi nitazeeka nikiwa mganga."

Chuma akaanza upya. Aliyekuwa akiangusha majitu sasa alifunga vidonda vya punda. Wifi naye hakumwachia utani: "Mganga, kisigino kinaniwasha!" Majambazi walipomzingira mwizi, Fundi Saa alijua kwamba pigo moja la bega lingewatawanya. Alijikaza kisabuni. "Namfunga jeraha," alisema. Zamu iliyofuata akasema, "Namfunga tena." Alifanya hivyo mara tisa, hadi mwizi akapata upenyo akatoroka.

Mwaka ulikatika. Jumamosi ile Chuma alipofika daraja la nane la uganga, Mwalimu alilirudisha joka lile lile.

"Dawa ya usingizi ipo," wifi alinong'ona, "lakini nani ataifikisha kinywani mwake?"

"Chuma," Fundi Saa alijibu. "Joka huinua shingo upande wa kushoto kabla ya kuuma. Ndivyo lilivyomchukulia mkono. Naipaka ngao dawa, nalisubiri liinue shingo, kisha naisokomeza."

"Unahitaji alama kumi na tano," Mwalimu alionya.

Kete ilibingirika, ikasimama kwenye kumi na moja. Mwalimu akaanza kutikisa kichwa.

"Ongeza mbili za mpiganaji na mbili za mganga," Fundi Saa alisema. "Sasa anazo zote."

Mwalimu alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Joka limelala," akakiri.

Wifi aliivuta karatasi taratibu. Chini ya neno "mpiganaji" la mumewe, mwandiko wa Fundi Saa ulikuwa umeshuka daraja kwa daraja mpaka nafasi ikaisha. Alichukua gundi juu ya rafu, akabandika karatasi mpya chini ya ile kuukuu, machozi yakimlengalenga.

"Na mimi nilisema apumzike," alisema. "Haya, mganga wangu, zamu yako."

Fundi Saa akaiokota kete. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.