Kamba Mguuni mwa Tai

"Asiyeliona fundo asimtaje mfungaji." Bibi Naetwe aliwaambia hivyo wajukuu zake, Nanzia na mdogo wake Mbonea, waliokuwa wakilaumiana kuhusu nani aliyeacha zizi wazi. Nanzia aliacha kupukuchua mahindi akauliza msemo huo ulitoka wapi.

"Ulitoka hapa hapa kwetu milimani," Bibi alisema. "Methali hii ilianza hivi."

Zamani kila nyumba ya kijiji hiki ilikuwa na fundo lake la kufungia mbuzi. Mbuzi akipotea na kipande cha kamba shingoni, aliyemwokota hakuhitaji kuuliza. Aliliangalia fundo, akajua ampeleke kwa nani.

Mwaka mmoja tai alianza kuchukua vitoto vya mbuzi. Mfugaji mmoja, Kajiru, alipoteza viwili. Kisha watu wakaona kitu kikining'inia mguuni mwa tai yule, cheusi, chembamba kama mkia wa panya. Hakuna aliyewahi kuona ndege wa porini aliyevaa kitu.

"Ile ni hirizi," Kajiru alisema. "Tai yule ametumwa."

Tai alikuwa na kawaida ya kutua kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba ya Nakiete, mjane aliyeishi na binti yake mdogo. Basi jina la Nakiete likatajwa siku ile ile, na wazee wakampa siku nne ahame. Hakuwa na ndugu wa kumkimbilia. Alianza kuvifunga vyungu vyake kwa majani makavu ya migomba.

Jirani yake aliitwa Nanzia, msokotaji wa kamba za katani. Alikuwa na haya sana. Akisalimia wazee watatu, walisikia wawili. Lakini kamba alizijua. Aliona kitu kile kinavyocheza kwenye upepo, akajiambia ngozi ya hirizi haichezi hivyo. Akaomba utumbo wa mbuzi kwa mchinjaji, akauweka mwambani, akaketi jikoni kwa Nakiete, jicho kwenye tundu la moshi.

Siku ya kwanza hakikuja kitu. Siku ya pili walikuja kunguru. Siku ya tatu tai alitua, hatua kumi tu kutoka ukutani. Nanzia aliutazama mguu wake mpaka ndege akashiba akaruka. Kisha akaenda kwa Kajiru.

"Shikamoo, baba. Kesho asubuhi njoo kwa Nakiete ukione kile kitu."

"Marahaba. Mimi niingie nyumba ile? Niambie tu ni nini."

"Sitasema, baba. Nikisema, mtasema na mimi nimetumwa."

Mke wa Kajiru akacheka. "Nenda, mume wangu. Au unaogopa vyungu?"

Siku ya nne Kajiru alifika na wazee wawili. Tai alipotua, Kajiru akainama kwenye tundu. Akakaa pale muda mrefu.

"Unaona nini?" mzee mmoja akauliza.

"Kamba. Imezungushwa mara mbili, ncha ikarudishwa chini." Kajiru aliliondoa jicho kwenye tundu. "Ni fundo la kwangu. Nilitega kitanzi penye mzoga wa mbuzi wangu. Asubuhi nilikuta kamba imekatika, nikadhani ni fisi."

Akamgeukia Nakiete, aliyesimama kando ya mizigo yake. "Dada, nisamehe. Nilikutaja kabla sijatazama."

"Basi nisaidie kuvifungua vyungu hivi," Nakiete akasema. "Nina wageni, na sina cha kupikia uji."

Kamba ile ilioza ikaanguka mwambani kabla ya mavuno. Kajiru aliiokota akaitundika mlangoni kwake, aione kila anapotoka.

Bibi alikung'uta makapi mapajani. "Binti mdogo wa Nakiete ndiye mama yangu. Siku ile wangeondoka, sijui ningezaliwa wapi, au kama ningezaliwa. Nakiete hakujua atamshukuru vipi jirani ambaye ukimshukuru anatazama chini. Mama yangu ndiye aliyepata njia: binti yake wa kwanza alimwita Nanzia. Tangu hapo kila nyumba ya ukoo wetu ina Nanzia wake."

Msichana alitazama chini. Kisha akamshika Mbonea mkono. "Twende kwanza tukalitazame zizi," akasema.

"Nendeni," Bibi akawaambia. "Asiyeliona fundo asimtaje mfungaji."