Kuni za Bi Sikudhani

Watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu kaskazini, meli ya moshi ya Nahodha Feruzi ilisimama kwa Bi Sikudhani, mkata kuni wa mtoni.

"Bibi, nachukua kuni zako. Bure."

"Chukua, baba, ila unipandishe nami nikachimbe."

"Vikongwe hawachimbi dhahabu."

"Basi chukua za juu, uniachie za chini."

Feruzi, kwa roho yake ya fisi, akazikomba zote. Hawajafika mbali, moto ukazima, mkondo ukairudisha meli kinyumenyume hadi kwa bibi.

"Kikongwe, za chini ni mbichi!"

"Si nilikwambia uniachie? Kavu nyingine nimezificha msituni. Nionyeshe kwanza kitanda chako nitakacholalia, nami nitakuonyesha zilipo."