Fulana ya Nguruwe

Anayekuchekesha leo kwa unyonge wake, kesho waweza kumbishia hodi ukiwa umeinamisha kichwa. Ndiyo sababu wahenga walituasa tuzichunge ndimi zetu.

Fundi Maridadi alikuwa mshonaji hodari, lakini ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Aliyechanwa zaidi ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Yeye alilisha nguruwe katika banda la hospitali, ambamo madaktari walikuwa wakiotesha figo za binadamu ndani ya wanyama hao.

Siku moja shemeji alileta ovaroli ipanuliwe kiunoni. Fundi aliinyanyua kwa ncha ya rula, pua ameibana.

"Utepe wangu haupimi watu wa zizini, shemeji!"

"Haya bwana. Iko siku."

"Labda siku nguruwe watakapovaa nguo!"

Haukupita muda mrefu, Fundi akavimba miguu kama mito ya kulalia. Figo zake ziligoma zote mbili. Ndugu walipimwa, hakuna aliyemfaa, na foleni ya wanaongoja figo ilikuwa haina mkia. Akawa mtu wa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Maji yalipomfika shingoni, alikubali chembe za mwili wake zipandwe ndani ya nguruwe, ili figo yake iotee humo badala ya moja ya mnyama huyo.

Figo iliota vizuri, mpaka nguruwe jike yule alipogoma kula. Daktari akasema, "Akidhoofika yeye, na figo imekwenda." Fundi alijikokota mpaka bandani, roho mkononi.

"Amenyolewa kwa ajili ya vipimo, anatetemeka," shemeji alieleza. "Anataka fulana. Ila fundi wa kumpima ndiye hatuna."

Fundi akapiga magoti, akavua utepe shingoni, akauzungusha kwenye kifua cha nguruwe. Nguruwe akakoroma.

"Samahani, mama. Nimekubana?"

"Mwachie nafasi kwapani," shemeji alisema, akijizuia kucheka. "Huyo ni mtu wa kunenepa."

Nguruwe alipovishwa fulana, yenye vifungo na kola, mtetemo ulikoma. Akala pumba zote, kisha akala na utepe.

Figo ilipopandikizwa kwa Fundi, nguruwe alibaki na figo yake moja na fulana yake. Fundi alirudi kazini, na wa kwanza kuitwa apimwe alikuwa shemeji.

"Leo utepe haumkatai kaka yangu?" mkewe alimchokoza.

"Ule wenye kiburi uliliwa, mke wangu. Inua mikono, shemeji, nisije nikakubana."

Hakika, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.